Mwenye Kamera na Wenye Wimbo

Ndani ya sanduku la bati la bibi yangu kule Abuku kuna kadi ya mgao wa chakula aliyopewa ukimbizini Sudan, rozari iliyopoteza msalaba wake, vitambaa viwili na risiti za ada za watoto ambao sasa wana wajukuu. Picha ya miaka ile hakuna hata moja. Oktoba 1980, askari wa zamani wa Idi Amin walipovuka mpaka na kuingia Koboko na Arua, na jeshi la serikali likaja nyuma yao kulipiza kisasi kwa raia, watu wa kwetu walibeba watoto, mtama na sufuria. Kilichobaki kutokana na safari ile ni wimbo. Bibi huuimba anapobambua karanga. Anataja vijito alivyovuka, kimoja baada ya kingine, na wanawake walioketi naye humwitikia, kila mmoja akiongeza jina la mtu ambaye hakufika ng'ambo.

Sanduku hilo hunijia akilini kila ninaposoma juu ya tamthilia ya muziki inayomhusu mwanamke mpigapicha wa vita. Mwaka 2005, katika ukumbi wa Minerva mjini Chichester, Uingereza, ilionyeshwa moja iitwayo Six Pictures of Lee Miller, kazi ya Jason Carr na Edward Kemp. Jina hilo lanitosha kuanzia. Mtu aliyepiga picha maelfu kwa maelfu anapimwa kwa sita ili aenee katika jioni moja, na mtunzi analazimika kujibu swali ambalo kamera haikulazimika kulijibu: humu ndani ya picha, anayeimba ni nani?

Lee Miller alizaliwa Poughkeepsie, jimbo la New York, mwaka 1907. Alianzia upande wa wanaotazamwa: mwaka 1927 sura yake ilipamba jalada la jarida la Vogue. Miaka miwili baadaye alikuwa Paris katika studio ya mpigapicha Man Ray, akijifunza kazi na kuifanya. Mwaka 1934 aliolewa na Mmisri, Aziz Eloui Bey, akahamia Cairo. Picha aliyoipiga karibu na Siwa mwaka 1937, jangwa linaloonekana kupitia wavu wa hema uliochanika, ni ya mtu anayetafuta pa kutokea. Vita vikampa njia. Mwishoni mwa 1942 jeshi la Marekani lilimpa kibali cha mwandishi wa vita, kwa sharti lililowabana wanawake wote: wasifike mstari wa mbele. Ndiyo maana safari yake ya kwanza Normandy, katikati ya 1944, iliishia kwenye hospitali za mahema, kwa manesi na majeruhi.

Katika hospitali moja kati ya hizo kulikuwa na askari aliyeungua, kichwa na mikono vimezongwa bandeji, matundu machache tu yameachwa kwa macho, pua na mdomo. Picha yake inatisha. Lakini Miller aliandika kwamba mtu huyo ndiye aliyemwomba ampige, kwa sababu alitaka aje ajione anavyochekesha. Ningekuwa mtunzi wa muziki ningeanzia hapo. Anayetazama picha anaona maiti iliyofungwa sanda. Maneno yaliyoandikwa pembeni yanatoa kicheko cha mtu aliye hai. Picha na sauti zinapingana, na ukweli uko katika kupingana huko.

Kamera yake ilikuwa Rolleiflex, ya picha 12 kwa filamu moja. Kamera ya namna hii haipelekwi jichoni. Hushikwa usawa wa kifua au tumbo, na mpigaji huinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Mwigizaji wa nafasi hii anapaswa kuujifunza mkao huo mpaka uingie mwilini, kwa kuwa anayepigwa hamwoni mtu aliyejificha nyuma ya chombo. Anamwona mtu aliyeinama mbele yake, kama apokeaye kitu kwa mikono miwili. Na mlio wake ni mdogo sana. Wanaotunga muziki wa michezo kama hii hupenda kuufanya mlio wa kamera kuwa ngoma au risasi. Kwa Rolleiflex huo utakuwa uongo. Ulikuwa mlio wa kufunga kifuniko cha bati la chai.

Tarehe 30 Aprili 1945 Miller alikuwa Dachau, siku moja baada ya kambi hiyo kukombolewa. Aliwatumia wahariri wake maneno kwa simu ya upepo, akiwasihi waamini wanachokiona. Jioni alikuwa Munich, katika makazi ya Hitler, Prinzregentenplatz namba 16, na mwenzake David Scherman wa jarida la Life akampiga picha akiwa ndani ya bafu la mwenye nyumba. Chini ya bafu viko viatu vyake vya kijeshi, vimechafua mkeka mweupe kwa udongo wa Dachau. Siku hiyohiyo Hitler alijiua Berlin.

Kila jukwaa litaitamani picha hii. Ina mwanamke, maji, viatu na dhalimu, na haihitaji maelezo. Mimi huiogopa. Ndani yake mwenye kamera amegeuka kuwa wa kutazamwa tena, kama alivyokuwa mwaka 1927, na wale walioacha miili yao kule asubuhi wametoweka. Udongo umebaki, wenye udongo hawapo. Tamthilia inayofika kilele kwenye bafu lile imekubali kwamba habari ya vita ni habari ya mtu aliyevitazama, hata akiwa na ujasiri na uchungu wa Lee Miller, ambao siutilii shaka.

Baadaye alikaa Vienna kando ya kitanda cha mtoto mchanga aliyekuwa akifa, katika hospitali yenye madaktari na vitanda lakini isiyo na dawa. Januari 1946, Budapest, alipiga picha ya waziri mkuu wa zamani wa Hungary, László Bárdossy, akiuawa kwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Kisha akarudi Uingereza, akazaa mtoto wa kiume, akahamia shamba la Farley huko Sussex, akawa mpishi wa kusifika, akanywa pombe nyingi, na vita hakuvizungumza. Alifariki 1977. Mwanawe, Antony Penrose, aliyajua mambo hayo kwa upana wake yalipofunguliwa masanduku ya darini: negativu na picha zipatazo 60,000, pamoja na maandishi.

Miaka thelathini ya kunyamaza. Hapa ndipo ninapoamini muziki una haki kuliko riwaya na kuliko sinema. Riwaya ikitaka kueleza ukimya inabidi iujaze maneno. Muziki unajua kunyamaza kwa kipimo. Mapigo yanahesabiwa, pumzi inasubiriwa, na msikilizaji anajua kwamba kuna kitu pale ambacho hakijatamkwa. Sisi tuliokulia West Nile, eneo hilo la Koboko na Arua, tunaufahamu ukimya huo. Wazee waliorudi kutoka Sudan na Zaire kuanzia mwaka 1986 walijenga nyumba, wakapanda muhogo, wakatusomesha, na mengi hawakuyasema. Tulijifunza kutouliza. Nilipofika chuoni na kusikia wenzangu wakisimulia vita kama jambo la vitabuni, nilitambua kwamba nami nilikuwa nimekaa miaka yote chini ya dari yenye masanduku.

Kuna sanduku la tatu. Desemba 2007 taasisi ya upigaji picha ya ICP ya New York ilipokea vifurushi vilivyopotea tangu mwaka 1939, vikiwa na negativu karibu 4,500 za vita vya Hispania, kazi ya wapigapicha Robert Capa, David Seymour na Gerda Taro. Taro, jina lake la kuzaliwa Gerta Pohorylle, alikufa Julai 1937 baada ya kugongwa na kifaru wakati wa mapigano ya Brunete, akikaribia kutimiza miaka 27. Kwa miongo mingi picha zake nyingi zilitembea na jina la Capa. Mwaka 2012 bendi ya Alt-J ya Uingereza ilitoa wimbo uitwao Taro. Ni wimbo mzuri, nimeusikiliza mara nyingi. Lakini unasimulia hasa kifo cha Capa, aliyekanyaga bomu la ardhini Indochina mwaka 1954, na yeye Taro anangojwa mwishoni kama mpenzi wa kukutana naye. Hata katika wimbo uliopewa jina lake, anayekufa ni mwingine. Nalitaja hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza linaloharibika mwanamke huyu anapopandishwa jukwaani: kazi yake inageuzwa kuwa ya nani alimpenda.

La pili, kubwa zaidi, ni wale walio ndani ya picha. Wanaingia jukwaani kama mapambo. Vitambaa vichafu, taa ya chini, kwaya inayoguna bila maneno. Mpigapicha anasimama katikati na kuimba jinsi alivyoumia kuwatazama.

Afrika Mashariki tunalo jukwaa la nyimbo linalojua njia nyingine, nalo limegharimu maisha ya watu. Byron Kawadwa alitunga Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo uliopata muziki wake kwa Wassanyi Serukenya, ukapelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Aliporudi, watu wa serikali ya Amin walimchukua wakamuua. Amin alikuwa Mkakwa. Ni mtu wa kwetu, na mwandishi wa Koboko anapolitaja jina la Kawadwa analitaja akijua hilo. Uchungu wetu wa 1980 na 1981 haufuti uchungu uliotangulia kule Kampala, na hakuna tamthilia ya vita vya Uganda itakayokuwa ya kweli kama haibebi yote mawili.

Robert Serumaga naye, pamoja na kundi lake la Abafumi, alitoa Renga Moi mwaka 1972. Aliichota kutoka hadithi ya Waacholi: shujaa amepata watoto mapacha, mila inamkataza kumwaga damu mpaka tambiko liishe, na maadui wamefika kijijini. Mchezo ule uliegemea mwili, ngoma na wimbo kuliko mazungumzo, ukaeleweka na watazamaji wa nchi nyingi wasiojua Kiacholi. Na katika miaka yetu hii Adong Judith aliandika Silent Voices, uliochezwa Kampala mwaka 2012, akawapa jukwaa watu wa Kaskazini walioumizwa na vita vya waasi wa Joseph Kony, ambao walikuwa wakiambiwa wasamehe kabla hawajaulizwa. Hakuna mpigapicha katika michezo hii, wala haukuhitajika ushahidi wa mgeni ili mwenye jeraha aaminiwe.

Je, tumhitaji mwanamke mwenye kamera wa nini, basi? Nimejiuliza sana, na jibu nililolipata limetoka kwenye kabati. Mwaka 2015 katika jengo la shirika la utangazaji la UBC, Kampala, yaligunduliwa makabati yenye negativu zipatazo 70,000, kazi ya wapigapicha wa serikali, nyingi za miaka ya Amin. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha sehemu yake, kwa jina The Unseen Archive of Idi Amin. Nyingi hazikuwa zimewahi kusafishwa kwenye karatasi. Humo mna gwaride, wageni wa dola, michezo, uzinduzi wa hiki na kile, na wafanyabiashara waliosimamishwa mbele ya bidhaa zao wakishtakiwa kuhujumu uchumi. Waliotoweka hawamo. Kamera ya serikali ilikuwa na filamu ya kutosha, lenzi nzuri na muda, ikatazama pale ilipoamriwa.

Tarehe 24 Juni 1981, watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walishambuliwa na askari wa jeshi la serikali ya wakati huo. Waliuawa makumi ya watu, wanawake na watoto wakiwamo. Walikuwa wamekwenda pale kwa kuamini kwamba ukuta wa kanisa na bendera ya Msalaba Mwekundu vingewalinda. Leo ipo kumbukumbu yao palepale, na kila mwaka wanaombewa. Ninapofikiria mpigapicha wa vita, simfikirii shujaa. Namfikiria mtu ambaye angeweza kuwa Ombaci bila kutumwa na wizara, akainamisha kichwa juu ya kioo chake. Asingeokoa mtu. Lakini aliyesema baadaye kwamba hapakuwa na raia pale angekuwa na kazi ngumu zaidi ya kusema hivyo.

Wapo waliofanya hivyo karibu nasi. Camille Lepage, Mfaransa aliyezaliwa Angers mwaka 1988, alihamia Juba mwaka 2012, njia ya siku moja kutoka Koboko kupitia Oraba, Kaya na Yei pale barabara inapopitika. Alikwenda Milima ya Nuba, kisha Jamhuri ya Afrika ya Kati, na huko aliuawa Mei 2014 karibu na Bouar, akiwa na miaka 26. Boris Lojkine alitengeneza filamu juu yake, Camille, iliyopata tuzo ya watazamaji Locarno mwaka 2019. Na yupo Arlette Bashizi, Mkongomani wa Goma, aliyepiga picha za vita vya nyumbani kwake kwa ajili ya shirika la Reuters. Tofauti kati ya wawili hawa inanigusa. Lepage alitoka mbali kwenda kwa watu aliowapiga picha. Bashizi alipopiga picha kambi za waliohamishwa alikuwa miongoni mwa watu wa mji wake, na mstari uliowatenganisha yeye na wao uliweza kufutika kwa usiku mmoja, kama Januari 2025 waasi wa M23 walipouingia mji ule. Tamthilia ya muziki juu ya mwanamke wa namna hiyo haitakuwa na mahali pa kumrudisha baada ya kazi. Hana shamba la Sussex.

Swali la lugha nalo si dogo. Kwa Waganda wengi Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Walikisikia kwa askari wa Amin, wakakisikia kwa waliomng'oa Amin, wakakisikia kwa waliofuata. Kwetu ni hivyo, na zaidi ya hivyo: ni lugha ya soko la Ariwara upande wa Kongo, ya dereva wa lori, ya mama muuza samaki wakavu anayebishana na Mlugbara, Mkakwa na Mnubi katika pumzi moja. Ningependa kusikia mchezo ambamo sentensi moja ya Kiswahili, amri ya kumtaka mtu asimame, inaimbwa kwanza na askari na baadaye na mama anayemwita mwanawe asivuke barabara. Maneno yaleyale, sauti nyingine. Mtazamaji wa Arua hatahitaji kufafanuliwa.

Na mahali pa kuchezea papo. Katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa Agosti 2016 Wasudani Kusini walipomiminika, kimejengwa kituo cha sanaa cha matofali ya udongo ulioshindiliwa, chenye jukwaa, chumba cha kurekodia, na paa lililoundwa ili kukusanya maji ya mvua. Watu waliokimbia kutoka Yei na Kajo Keji wanaimba pale, katika nchi ambayo watu wake walikimbilia Yei na Kajo Keji mwaka 1980. Jukwaa jingine lenye historia mbili za namna hiyo chini ya paa moja silijui.

Muziki wake ningeutaka uanzie kwenye agwara. Wasioifahamu: ni seti ya baragumu ndefu zinazopigwa na Walugbara, Waalur na Wakebu. Kila baragumu ina noti yake, moja au mbili, na mpigaji huingia pale tu zamu ya noti yake inapofika. Hakuna anayeushika wimbo mzima. Ukimsikiliza mmoja peke yake utasikia mlio, kimya, mlio, na hutajua ni wimbo gani. Picha ndivyo ilivyo. Ni noti moja iliyopigwa kwa wakati wake. Katika mchezo ninaouwazia, mwenye kamera hapewi wimbo mkuu wa kuutawala ukumbi. Anapewa baragumu moja. Anasimama mstarini na wale aliowapiga picha, nao wana zao, na akikosea zamu wimbo unatoboka mbele ya wote.

Miaka michache iliyopita nilimpiga bibi picha kwa simu, akiwa katikati ya ule wimbo wake wa vijito. Mwanga wa saa kumi na moja ulikuwa umemwangukia usoni, mdomo uko wazi, ganda la karanga limebaki katikati ya vidole. Niliona ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaichapisha mjini Arua, kubwa, kwenye karatasi ngumu, nikampelekea Abuku siku ya Jumapili. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "na wanaoniitikia umewaweka wapi?"